TAHADHARI: Wauza "fomu za Kakuma" na wachangishaji bandia, Malaba hadi Kitale

Mlio Bungoma, Kitale, Eldoret na hata Nakuru, someni hii kabla hamjatuma chochote. Kuna kundi la wakora linalozunguka steji za Malaba, Bungoma na Kitale likijifanya linasaidia wakimbizi waliokwama njiani kwenda Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Turkana. Linachukua pesa zetu kwa jina la wakimbizi, kisha linawauzia wakimbizi hao hao vitu ambavyo serikali hutoa bure.

Kwetu wanakuja kwa WhatsApp. Picha ya mama na watoto wamekalia mabegi, maneno machache ya kuomba nauli ya Lodwar, Mungu ametajwa mara tatu, na namba ya simu ya mtu binafsi. Kuna picha niliyoiona ikiitwa familia ya Bukavu, Kongo, baadaye ikarudi kama familia ya Sudan Kusini. Sweta nyekundu ya mtoto ni ile ile. Ukisema utaleta unga na blanketi mwenyewe, unaambiwa familia imehifadhiwa na mhisani asiyetaka kujulikana. Mimi nilijibiwa, "Mkubwa, unga wanao, shida ni nauli. Tuma saa hii, gari linatoka." Mtu amekwama njiani na watoto, lakini unga hataki!

Wanayowafanyia wakimbizi wenyewe ndiyo yanayoniuma zaidi. Mtu aliyekimbia vita Kivu, mashariki mwa Kongo, akapitia Uganda, akivuka Malaba au Busia hajui ofisi iko wapi, anaogopa polisi, na vijana hawa huwahi kumpokea kabla ya mtu mwingine yeyote. Wanavaa jaketi za samawati na kuning'iniza shingoni vitambulisho ambavyo duka lolote la kuchapisha hutengeneza ukingoja. Kwanza wanamuuzia "fomu ya usajili", halafu "ada ya kibali", halafu pesa ya "kuongea na askari wa vizuizini". Mama mmoja anayesaidiwa na kanisa letu Kitale alitoa pesa zote alizokuwa nazo, wakachukua na simu. Wakampandisha matatu ya Makutano wakimwambia akishuka amefika Kakuma. Makutano, jamani, ni pale Kapenguria! Kufika Kakuma lazima upite Lodwar, na huo ni mwendo wa siku nzima.

Kama una mgeni wa aina hii karibu nawe, mwambie hivi: kujisajili kama mwomba hifadhi hakulipiwi, wala fomu haiuzwi. Kazi hiyo ni ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mtu siku 30 tangu aingie nchini kujitokeza kwa maafisa. Kila siku anayozungushwa na mabroka inakatwa kwenye siku hizo.

Kuna pia wanaouza "nafasi ya Kanada" au "orodha ya Marekani". Nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu hainunuliwi, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, haitozi hata shilingi kwa huduma zake. Hiyo ya Marekani ni uongo mtupu: Rais Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Januari 2025, hata waliokuwa tayari na tiketi wakafutiwa safari.

Wanaoteremka kutoka Kakuma pia hawajasalimika. Tangu mgao wa chakula cha WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, upunguzwe sana mwaka 2025, wapo wanaotoka Kakuma kutafuta kibarua, na hao huuziwa vibali bandia vya kutoka kambini. Akishikwa nacho, kesi ni yake. Aliyemuuzia keshabadilisha laini.

Anayetaka kusaidia asiache. Peleka chakula, maji na nepi kwa mkono wako, au pitia tawi la Shirika la Msalaba Mwekundu au kanisa na msikiti unaoujua. Mwenye shida ya polisi au makaratasi aelekezwe Kituo cha Sheria au RCK (Refugee Consortium of Kenya), wanatoa msaada wa kisheria bure. Ukiombwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla pesa hazijaenda. Niliambiwa namba ni ya mama mratibu wa shirika. Likatokea jina la mwanamume, nikakatiza hapo hapo.

Uliyekwisha kutuma, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 haraka kabla pesa hazijatolewa, na namba yao uiripoti kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na usifute mazungumzo ya WhatsApp hata kama yanakuudhi. Namba zao siziweki hapa kwa sababu wanazibadilisha kila mara, na iliyotupwa jana huenda kesho ikauzwa kwa mtu asiye na hatia.