Pedali bapa au za kunasa? Uzoefu wangu kwenye miteremko ya Elgon

Nianze na jibu, kwa sababu anayeuliza swali hili mara nyingi yuko karibu kutoa pesa. Kama unaendesha baiskeli ya mlimani hapa Uganda, kwenye vilima na njia za mashambani, na lengo lako si mashindano, nunua pedali bapa nzuri pamoja na viatu vinavyozifaa. Pedali za kunasa zije baadaye, ukishajua unazitakia nini. Nasema hivi nikiwa na aina zote mbili nyumbani Mbale, na nimezitumia kwenye baiskeli ile ile, kiangazi na masika, kuanzia lami ya kwenda Kapchorwa hadi vijia vya migombani kule Sipi, kwenye Mlima Elgon.

Kwa asiyezijua: pedali ya kunasa ni ndogo, ina springi, na inashika kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu mbili chini ya kiatu maalumu. Kipande hicho huitwa kliti. Unatanguliza ncha ya kiatu, unakanyaga, unasikia "tak", mguu umeshikwa. Kutoka, unazungusha kisigino kuelekea nje. Za barabarani ndizo zilizotangulia kupata sifa: kampuni ya Look ya Ufaransa ilizitoa mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo. Kwa mlimani, mfumo ulioenea kuliko yote ni SPD wa Shimano, uliotoka mwaka 1990. Ubora wake ni kwamba kliti ni ndogo na imezama ndani ya soli, kwa hiyo unaweza kushuka na kutembea. Pedali bapa haina springi wala kliti. Ni ubao mpana wa nailoni au aluminiamu wenye pini ndogo zinazouma soli, basi.

Sasa nizisifu za kunasa pale zinapostahili. Barabara inayopanda kwenda Sipi haina huruma. Mwinuko ni mrefu, jua liko mgongoni, malori yanakupita karibu. Hapo mguu ulionaswa ni raha. Umekaa mahali pamoja tangu chini hadi juu, soli ngumu haipindi, na ukisimama juu ya pedali kwenye kona kali huna wasiwasi kwamba kiatu kitateleza. Jasho likishaingia machoni, ni jambo kubwa kutofikiria miguu kabisa.

Wauzaji hupenda kusema kwamba faida ni kuvuta: mguu mmoja unasukuma chini, mwingine unavuta juu, eti nguvu zinaongezeka bure. Hapo sikubaliani nao. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ambamo waendeshaji waliambiwa wavute pedali juu kwa makusudi, na ikaonekana wanatumia nishati nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Faida ninayoisikia mimi ni nyingine: mguu hauruki. Kwenye murramu iliyojikunja kama bati, baiskeli yenye shokomzoba ya mbele tu inatetemeka kuanzia usukani hadi meno, na kwa pedali bapa unajikuta unarudisha mguu mahali pake kila mara. Ukinaswa, unaendelea kuzungusha cheni tu. Kwa safari ndefu ya kiangazi sina ubishi, za kunasa zinashinda.

Halafu mvua zinanyesha.

Elgon ni volkano iliyozimika zamani, kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321, na udongo wa miteremko yake unastawisha kahawa na migomba kwa sababu hiyo hiyo. Kwa baiskeli, udongo huo ukilowa ni mtihani. Unanata, na haudondoki wenyewe. Ukishuka kusukuma baiskeli hatua chache tu, tundu la soli ambamo kliti imekaa linajaa mpaka linakuwa sawa na soli yenyewe. Unapanda tena, unakanyaga, hakuna mlio. Kiatu kinaelea juu ya pedali, na pedali yenyewe ni ndogo mno kukanyagika bila kunaswa. Ninachofanya ni hiki: navunja kijiti kikavu cha mti wa kahawa, nachokoa kwanza pale mbele ya kliti panapoingia kwenye mdomo wa pedali, halafu nyuma yake, kisha naupigapiga mguu kwenye jiwe hadi nione chuma. Na pedali nayo inataka kuchokolewa, kwa sababu springi imejaa udongo pia. Ukimaliza mguu wa kulia unaanza wa kushoto. Mita mia mbele kuna kijito kingine, unashuka, na kazi inaanza upya.

Wapo wanaosema tatizo ni aina ya pedali. Kuna ukweli kidogo. Zile za Crank Brothers ziitwazo Eggbeater ziko wazi pande zote nne, na udongo hupata pa kutokea kwa urahisi. Lakini tundu la kiatu linabaki kuwa tundu, na udongo wa Elgon haujali jina la kampuni.

Jambo la pili ni watu, na hili naona halisemwi vya kutosha. Vijia tunavyoteremkia si vyetu. Ni njia za watu kwenda shambani, kisimani, shuleni. Unakata kona katikati ya migomba na mbele yako yuko mama mwenye mkungu wa matoke kichwani, nyuma yake watoto, na upande wa Kapchorwa kuna punda aliyebebeshwa mizigo pande zote mbili ambaye hasogei kwa ajili ya mtu yeyote. Adabu ni kusimama kabisa na kuweka mguu chini.

"Pita mama, pole."

"Asante mwanangu. Shuka polepole, huko chini kumelowa."

Kwa pedali bapa tendo hilo halina gharama. Mguu unatoka bila kufikiri, unarudi bila kutafuta. Kwa za kunasa, kila kusimama ni kuzungusha kisigino, na kila kuondoka kwenye mwinuko ni kutafuta ile "tak" huku baiskeli inarudi nyuma. Ndiyo maana kwa anayeanza hatari kubwa iko kwenye kusimama kuliko kwenye kasi. Gurudumu linakwama kwenye mzizi, mwendo unaisha, una nusu sekunde tu ya kuzungusha kisigino. Ukiuvuta mguu juu kama ulivyozoea tangu utotoni, hautoki, mnalala chini pamoja wewe na baiskeli. Mwenzangu mmoja aliangukia upande wa bonde, migomba ikamzuia. Mkono ulichubuka, lakini pale pale angeweza kupoteza bega.

Kwa hiyo bapa. Lakini nisieleweke vibaya: pedali bapa mbaya ni mbaya kuliko chochote. Zile za plastiki laini zinazokuja na baiskeli nyingi za dukani hazina pini za maana, na zikilowa ni sabuni. Tafuta zenye pini za chuma zinazofungwa kwa skrubu, ili ikivunjika moja uweke nyingine. Zinazofungiwa upande wa nyuma ni bora zaidi, kwa sababu hata kichwa cha pini kikisagika kwenye jiwe bado unaweza kuing'oa. Upana uwe kama milimita 100 hivi, na ubao uwe umebonyea kidogo katikati ili mguu ukae ndani yake. Nailoni au aluminiamu? Mimi nina za nailoni. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na zikigonga jiwe zinateleza juu yake badala ya kung'ang'ania. Aluminiamu ni nyembamba zaidi na imara zaidi. Kwa kazi yangu nailoni imetosha.

Kiatu ndicho nusu ya pedali. Raba ya kukimbilia yenye soli nene ya sponji haifai, inapinda na pini hazina cha kushika. Unataka soli pana, iliyo sawa, ya mpira laini unaonata. Five Ten walijenga jina lao kwa mpira wa namna hiyo, waliouita Stealth, ulioanzia kwenye viatu vya kupandia miamba kabla ya kuhamia kwenye baiskeli. Viatu vyao ni vizuri kweli, ila bei yake si ya kila mtu. Habari njema ni kwamba viatu vya kuchezea skateboard (ule ubao wa magurudumu), kama vile Vans, vina soli ya aina hiyo hiyo kwa karibu, na vinapatikana kwenye mitumba. Ukienda Owino, pale Kampala, chukua muda wako. Geuza kiatu, bonyeza soli kwa ukucha. Ukucha ukiingia kidogo na mpira ukarudi, mpira bado hai. Ukucha ukiteleza kama juu ya kioo, mpira umekauka, rudisha. Jozi niliyonayo niliipata hivyo, na pini zinaishika kiasi kwamba nikitaka kusogeza mguu lazima niunyanyue kwanza.

Kuna namna ya kusimama pia. Kwenye pedali ya kunasa mguu unakaa kwenye uvimbe ulio nyuma ya vidole. Kwenye bapa usogeze mbele zaidi, uelekee katikati ya unyayo, na unaposhuka uteremshe visigino. Uzito wako unaingia ndani ya pedali, na mtetemo badala ya kukutupa unazidi kukukandamiza mahali pako. Siku nilipolizoea hili, kushuka kuelekea chini ya maporomoko ya Sipi kukawa kitu kingine kabisa.

Anayedhani bapa ni za wanaoanza tu amtazame Sam Hill wa Australia. Alikuwa bingwa wa dunia wa mteremko mwaka 2006, 2007 na 2010, kisha akachukua ubingwa wa mashindano ya Enduro World Series miaka mitatu mfululizo, 2017 hadi 2019, yote kwa pedali bapa. Upande wa kupanda na kushuka kwa mbio ndefu hali ni tofauti. Huko mabingwa kama Nino Schurter wa Uswisi walishinda wakiwa wamenaswa, na ukitaka kushindana huko sina sababu ya kukuzuia.

Ubaya wa bapa ni ugoko. Pini inayokamata soli itakamata na mguu wako siku ukiteleza, na kidonda chake ni kile chembamba kirefu kinachochelewa kupona kwenye unyevu. Nunua vikinga ugoko. Hata vile vya mpira wa miguu vinafaa.

Sehemu nyingine nitazipitia haraka. Mabira, ukitoka barabara ya Kampala kwenda Jinja: mizizi iliyolowa chini ya kivuli, bapa. Mburo, hifadhini kati ya pundamilia: tambarare na kavu, vyovyote vitafaa, ingawa penye nyati mimi napenda mguu ulio huru. Katikati ya Kampala, kati ya bodaboda na teksi: bapa, wala tusijadili.

Ukiamua kununua za kunasa, na wapo watakaofanya hivyo kwa haki kabisa, fanya mambo haya. Legeza springi hadi mwisho kabla ya kupanda mara ya kwanza. Kwa pedali nyingi za SPD ni spana ya elenki (ile ya pembe sita) ya milimita 3, unazungusha kuelekea alama ya kutoa (−), pande zote za pedali kwa kiasi kile kile. Uliza kliti ya SH56 badala ya SH51 inayokuja kwenye boksi. SH56 inaachia kwa pande nyingi, hivyo hofu ikikupata na ukavuta ovyo kuna nafasi ya kutoka. Panga kliti ifuate mguu wako unavyokaa kwa asili. Kiatu kikinaswa kina uhuru wa digrii 4 hivi tu, na goti ndilo litakalolipa kliti ikiwa imepinda. Paka grisi kwenye skrubu zake, la sivyo baada ya masika moja zitashika kutu na hazitafunguka tena.

Grisi hiyo hiyo ipake kwenye uzi wa pedali, za aina yoyote. Na kumbuka pedali ya kushoto inafungwa kinyume. Fundi wangu wa mtaani, aliyekulia kwenye baiskeli za Roadmaster na Hero, hilo analijua usingizini. Lakini nilipompelekea za kunasa mara ya kwanza alizigeuza mkononi, akazirudisha kwenye boksi, akatazama tena ndani ya boksi.

"Mkubwa, pedali yenyewe iko wapi?"

Alizifunga vizuri sana. Ila swali lake lina uzito kwa mnunuzi. Pedali bapa ikilegea, kila fundi kuanzia Tororo hadi Kabale ana grisi, na mara nyingi ana beringi inayoingia. Kliti ikiisha, na inaisha haraka ukitembea kwenye mawe, Mbale sijawahi kuiona dukani. Naagiza Kampala, au namwomba mtu anayetoka Nairobi aje nayo kupitia Malaba, na mpaka ifike naendesha kwa bapa. Kwa hiyo ukinunua za kunasa, nunua kliti za akiba siku ile ile, na bapa zako usiziuze.