Gari lenye hema juu ya paa, Iringa mpaka Kitulo: kodini, ila mkatulie

Kama unawaza kukodi yale magari yenye hema juu ya paa mimi nasema kodi, tena bila kusita, ila usikodi ili ukazunguke mikoa mitano kwa wiki moja. Kodi ukapaki sehemu moja upumzike. Sisi tulipewa Land Cruiser ya siku nyingi, injini nzima, hema linafunguka juu na ngazi yake, nyuma kuna droo ya vyombo, jiko dogo la gesi, tenki la maji na friji ya betri. Sio zile nyumba za magurudumu za Wamarekani zenye choo na bafu humohumo ndani, zile haziiwezi barabara ya kupanda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo.

Tulianzia Kisolanza, kama kilomita 50 kutoka Iringa ukiwa unaelekea Mafinga. Nashauri muanzie hapo maana ni rahisi, uko kando ya barabara kuu, miti, nyasi, na unajifunza kufungua hilo hema kabla hujakutana na baridi yenyewe. Baada ya hapo ni lami tu, Makambako, Igawa, mpaka Chimala. Chimala jaza mafuta, nunua viazi, vitunguu na maji, halafu kata kushoto uanze kupanda.

Huo mlima una kona zenye jina kabisa, Hamsini na Saba, na ndio idadi yake. Gari liwe la foo wili na dereva awe na moyo. Unapanda taratibu, bonde la Usangu linabaki chini kule, masikio yanaziba, watoto wanahesabu kona wanapotea wanaanza upya. Matamba ndio kuna ofisi za hifadhi, mnasalimiana kamwene, unalipa kwa kontroo namba (pesa taslimu hawapokei) na askari akaniambia "mama, blanketi hizo ongezeni, usiku wa huku hauna huruma". Tukaongeza pale pale sokoni na namshukuru mpaka leo.

Sasa Kitulo. Wenyeji wanaita Bustani ya Mungu na hawajakosea. Ni uwanda wa juu, kama mita 2,600 hivi, nyasi mpaka macho yachoke, na kuanzia Novemba mpaka Aprili maua yanafumuka, kuna aina 45 za okidi peke yake. Imekuwa hifadhi ya taifa 2005, na moja ya sababu ni kwamba watu walikuwa wanachimba viazi vya hizo okidi vinavyopelekwa Zambia kutengeneza chikanda, chakula cha huko, zingeisha zote. Nilichuchumaa mbele ya moja sijui kwa muda gani, shina jembamba, vimaua vya njano vimepandana kuelekea juu, kila kimoja na kimdomo chake na tone la umande limening'inia hapo. Simba hakuna, tembo hakuna, kwa hiyo unashuka kwenye gari unatembea kwa miguu yako, na hicho ndicho kinachoituliza akili, hakuna kufungiwa ndani ya kioo mnapiga picha mnakimbia.

Mume wangu anafanya biashara ya mbao Mafinga, simu yake hailali. Huku aliiweka kwenye droo ya vijiko mwenyewe bila kuambiwa akavuta kiti akakaa, tukaangalia tandawala, wale ndege wakubwa, wanatembea kwenye nyasi kwa madaha yao, ukungu unakuja unafunika kila kitu unaondoka, na hatukuongea na wala hakuna aliyenuna. Nyumbani hatuna hiyo nafasi. Hoteli nzuri nimeshalala nyingi lakini kule bado unaulizwa chai saa ngapi, chumba mnaachia saa ngapi. Hapa kitanda ni chako, jiko ni lako, jua likichelewa na wewe unachelewa.

Mapishi: msibebe maharage mabichi. Kule juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 91 hivi, unamaliza mtungi wa gesi na maharage bado yanagonga meno. Chemsha nyumbani ubebe, au pika viazi na mayai, na chai ya tangawizi iwe kwenye chupa muda wote.

Kasoro za gari zipo na waliotukodishia nimewaambia. Zipu ya hema upande mmoja inakwama, na saa tisa usiku unapotaka kushuka na mtoto kwenda kujisaidia hiyo sio kasoro ndogo. Blanketi walizotupa ni za kulalia Dar. Friji inakufa gari likikaa bila kuwashwa, ingawa kwa baridi ile maziwa hayakuharibika hata. Godoro zuri, ngazi imara, mvua ilipiga usiku na hakuna tone lililoingia.

Nyota nne kwa gari, tano kwa Kitulo. Mkienda miezi ya maua mvua nayo ipo na udongo unateleza, mbebe buti na muangalie tairi kabla ya kusaini. Juni mpaka Agosti mbingu ni safi ila asubuhi mtakuta barafu kwenye nyasi na maua mtayakosa. Mimi ningechagua Februari, na hela ya kwenda kituo kingine ningeilipia usiku mwingine pale pale Kitulo.