Kipimo cha frajaili X na ushauri wa jenetiki: nyota nne, na nyingi ni za kikao

Naandika hii kwa wazazi ambao mtoto kachelewa kuongea, hatulii, hakuangalii usoni, na kila mnapoenda mnaambiwa "ana usonji" au "ataongea tu mpe muda" halafu hakuna anayewaambia imetokana na nini. Sisi tulichukua kipimo cha damu cha frajaili X, hali ya kurithi inayoleta ulemavu wa akili, kinachoangalia jeni inayoitwa FMR1, pamoja na vikao na mshauri wa jenetiki, vyote sehemu moja.

Kwanza kabisa, kiombeni hiki kipimo kwa jina. Kile cha kawaida cha kromosomu hakitoshi, na hata maikroarei, kile kinachotafuta vipande vya DNA vilivyopotea au kuzidi, haioni hili tatizo, maana hapa hakuna kipande kilichopotea, ni herufi tatu za DNA, CGG, zinajirudia kupita kiasi. Watu wengi wanazo chini ya 45. Zikiwa kati ya 55 na 200 wanaita primutesheni, yaani hatua ya kabla ya tatizo lenyewe, zikizidi 200 wanaita mutesheni kamili, hapo jeni kwa kawaida inazimika na ile protini yake haitengenezwi, na ndo protini inayodhibiti protini nyingine zinazotengenezwa pale seli za ubongo zinapopashana habari. Damu kidogo tu inatosha, hapo sina la kusema.

Kikao sasa, hapo ndo nimeona thamani ya pesa yangu. Yule dada alianza kwa kuuliza nyumbani ikoje, mtoto anafanya nini na nini, ndo akatueleza kimoja kimoja. Mfano ukimwambia kijana wetu "vua viatu, weka begi, kanawe mikono" anavua viatu anasimama hapohapo, watu wanasema mkaidi, kumbe kushika maagizo yanayofuatana kwa mpangilio ni sehemu ngumu sana kwa watoto wa frajaili X, na hesabu ndo zaidi. Ila huyohuyo njia akipita mara moja anaikumbuka, anaiga watu mpaka sauti, kitu akikiona anakishika haraka kuliko akielezwa kwa maneno. Kwahiyo tukaambiwa tutumie picha, agizo moja kwa wakati, na tumwonyeshe kazi ikiwa imekamilika kwanza kabla ya kumkatia vipande.

Upande wa tabia ndo nililia kidogo. Anaposalimia kageuza uso pembeni si kwamba hana adabu jamani, anataka kukusalimia kabisa, ila kuangaliwa machoni kunamzidi, mwili mzima unakuwa kama umepigiwa king'ora. Kelele na watu wengi ni hivohivo, ndo maana anapigapiga mikono, anauma mkono wake, anauliza swali lilelile tena na tena, ni wasiwasi huo. Ukishajua hivo huanzi na fimbo, unaanza na kumtoa kwenye kelele.

Hawakutudanganya kwamba kuna dawa ya kuponya, hakuna. Zipo dawa za kusaidia utulivu na wasiwasi, ipo tiba ya usemi, ipo tiba kazi ya kumfundisha shughuli za kila siku, na walitueleza vizuri kila moja inasaidia wapi na inaishia wapi.

Kingine walichofanya vizuri ni kuchora ukoo mzima. Hii jeni iko kwenye kromosomu X, na wavulana wana X moja tu ndo maana huwa wanaathirika zaidi, wasichana wana mbili, kwahiyo kuna wenye ulemavu wa akili na kuna ambao darasani wanaenda ila hesabu zinawashinda, wana aibu iliyopitiliza, kupanga mambo yao ni shida, na hao wanasahaulika sana kupimwa. Baba mwenye primutesheni anawarithisha binti zake wote, wa kiume hapati hata mmoja. Halafu primutesheni yenyewe si ya kupuuza, kama mwanamke mmoja kati ya watano wenye nayo ovari zinachoka kabla ya miaka 40, na wanaume baada ya 50 wengine wanaanza kutetemeka mikono na kuyumba wakitembea. Tukamkumbuka baba yangu mzazi na mikono yake, naye sasa ameandikiwa kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Mapungufu yapo na nayasema. Barua ya kumpelekea mwalimu, yenye hayo mambo ya picha na agizo moja moja, hawatoi mpaka uombe, na mimi naona ndo ingekuwa ya kwanza kwenye bahasha kwa sababu mtoto anashinda shule kuliko anavyoshinda kwao. Nilipoomba walinipa siku hiyohiyo na imeandikwa vizuri, mwalimu kaielewa. Lakini ripoti ya majibu walitutumia kwenye simu kabla ya kikao, "mutesheni kamili, imemethileti", yaani jeni imezimwa, basi, tumekaa na hayo maneno usiku kucha bila mtu wa kumuuliza. Nyota ya tano naishikilia hapo, majibu ya hivi wayatoe mezani mkiwa mmekaa na mshauri.