Pakiti ipi ya chakula kilichogandishwa uwanunulie samaki wako?

Katika friza la duka la samaki wa mapambo, pakiti zinazokwisha kwanza ni za minyoo ya damu. Sababu inajulikana: ukiidondosha majini, hata samaki aliyejificha siku tatu nyuma ya jiwe hutoka. Kwa muda mrefu nilinunua hiyo tu, nikiamini kwamba pupa ya samaki ni ushahidi tosha wa ubora. Kisha beta wangu, samaki mdogo wa mapambo, akavimba tumbo, akawa anaelea ubavuubavu, na hapo ndipo nilipoanza kuchunguza pakiti kabla ya kuilipia. Mpangilio ufuatao umetokana na maswali mawili: je, chakula kitaingia kinywani? Na utumbo wa samaki huyu umezoea kusaga nini?

1. Misisi

Kama pesa inatosha pakiti moja tu, nunua misisi. Ni jamii ya kamba wadogo, urefu wa sentimita 1 hadi 2 hivi, wenye protini nyingi na mafuta ya omega-3. Gamba lao jembamba nalo husaidia choo. Samaki wa maji ya chumvi anayesusa chembe kavu mara nyingi hukubali kula akianzishiwa misisi, na farasi wa baharini wanaofugwa hutegemea chakula hiki zaidi kuliko kingine chochote.

Tatizo lake ni ukubwa. Kwa tetra wadogo na gapi, misisi mzima ni tonge lisilomezeka. Acha kipande kilegee kidogo, kisha kikatekate kwa kisu kikali kabla hakijayeyuka chote. Kikishayeyuka kabisa kinapondeka badala ya kukatika.

2. Dafnia

Wengi watashangaa kuona dafnia hapa juu, kwa kuwa hawana lishe nyingi. Nimewapa nafasi hii kwa ajili ya utumbo. Vijidudu hawa wa milimita 1 hadi 3, ambao ni ndugu wa kamba na kaa, wamefunikwa na gamba lisilosagika kirahisi, na gamba hilo husukuma uchafu nje. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula. Anachomeza huenda moja kwa moja utumboni, kwa hiyo kwake dafnia ni rafiki wa kila wiki. Beta wangu nilimpumzisha siku mbili bila kula, nikampa dafnia kidogo kidogo, na akarudi kuogelea wima. Lakini ukiona magamba ya samaki yamesimama kama manyoya ya kuku mgonjwa, hilo ni jambo jingine, na dafnia hawataliponya.

3. Artemia, ila soma lebo

Artemia, nao ni jamii ya kamba wadogo, huishi kwenye maziwa ya chumvi. Mayai yao huvunwa kwa wingi katika Great Salt Lake, Marekani. Hapa watu hupoteza pesa kwa kutojua kwamba umri wa artemia hubadilisha thamani yake. Mchanga aliyetoka tu kwenye yai, mwenye urefu wa karibu nusu milimita, bado amebeba kiini chake na ana mafuta mengi. Huyo ni chakula bora cha vifaranga wa samaki na cha samaki wenye vinywa vidogo. Mkubwa ni kama kikapu: thamani yake ni kile kilichotiwa ndani. Akigandishwa akiwa na njaa, unanunua gamba na maji.

Kwa hiyo tafuta artemia waliolishwa spirulina (aina ya mwani) au mafuta ya omega-3 kabla ya kugandishwa. Wenye spirulina wanawafaa pia samaki wanaopenda majani. Ukikuta lebo imeandikwa artemia tu, iache kama kuna misisi kando yake.

Vifaranga wana chaguo jingine, saiklopsi, vijidudu wa majini ambao ni wadogo zaidi hata ya dafnia na wana rangi ya machungwa inayoonekana vizuri majini. Pakiti moja hukaa sana, maana unakwangua kidogo tu kila mara.

4. Minyoo ya damu

Kwa kweli si minyoo. Ni viluwiluwi vya usubi asiyeuma, na wekundu wao unatokana na himoglobini, protini nyekundu ya damu, inayowawezesha kuishi kwenye tope lenye oksijeni haba. Sisemi waachwe kabisa. Kwa samaki mgeni aliyegoma kula, au kwa jozi unayoiandaa kutaga, hakuna kinachowashinda. Wape mara moja au mbili kwa wiki, kwa kiasi kidogo.

Kwa kuwa asili yao ni topeni, nunua pakiti inayosema wazi kwamba imepitishwa kwenye mionzi ya gama au imeondolewa vijidudu. Kugandisha peke yake huua vimelea vingi, lakini bakteria wengi husinzia tu na kuamka joto likirudi.

Na jambo hili nalisisitiza kwa sababu ni afya yako: himoglobini hiyo huwaletea baadhi ya watu mzio. Wapo wanaopiga chafya, wanaowashwa mikono, hata wanaovimba macho baada ya kuwashika. Tumia kibano au glavu, na usimwachie mtoto kazi hii.

5. Krili

Ni kwa samaki wakubwa peke yao, kama oska. Krili ni viumbe wa baharini wanaofanana na kamba, na wale wa Antaktika hufikia sentimita 6. Wana rangi ya asili inayokoleza wekundu na uchungwa wa samaki. Kama samaki wako anatosha kwenye kiganja cha mtoto, pita.

Mwisho: moyo wa ng'ombe

Wafugaji wa samaki aina ya diskasi huupenda kwa sababu huwanenepesha haraka. Mafuta ya ng'ombe, hata hivyo, huganda, na utumbo wa samaki hauyamudu vizuri. Mabaki yake nayo huchafua maji upesi. Samaki wa jamii ya sikilidi wanaokwangua mwani maweni, kama mbuna na trofeasi, usiwape kabisa, wanaweza kuvimba na kufa. Hao hawafai hata kulishwa minyoo ya damu mara kwa mara.

Wanaochukua kome na kamba mbichi kutoka friza la jikoni wajue pia kwamba baadhi ya viumbe hao wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na kugandisha hakukiondoi. Mara mojamoja hakuna neno. Kila siku ni hatari.

Kukagua pakiti dukani

Chakula kizuri kilichoyeyuka kikagandishwa tena ni kibaya kuliko kile cha daraja la chini kilichotunzwa. Inua pakiti uiangalie upande wa chini. Vipande viwe na pembe zake, kila kimoja kwenye kijumba chake. Vikiwa vimeungana, au kuna maji mekundu yaliyoganda pembeni, au rangi imekuwa ya kahawia, rudisha. Niliwahi kupuuza maji hayo kwa sababu ilikuwa pakiti ya mwisho; tangi zima lilinuka ndani ya saa chache.

Ukifika nyumbani, yeyusha kipande kimoja kwenye glasi ya maji safi. Unataka kuona miili mizima, yenye vichwa na macho. Ukiona uji, umelipia maji. Njia hii pia ndiyo ya haki ya kulinganisha pakiti mbili: yeyusha kipande cha kila moja, chuja, uone kinachobaki kwenye wavu, maana uzito ulioandikwa mara nyingi umejumlisha barafu.

Kulisha

Usitupe kipande kizima tangini. Samaki mbabe atakizunguka peke yake na wanyonge watalala njaa. Kiyeyushe kwenye kikombe chenye maji kidogo ya tangi, si maji ya moto wala maikrowevu. Kisha chuja kwa wavu mwembamba na umwage ule mchuzi, kwa sababu una fosfeti (kirutubisho cha mimea) na uozo unaolisha mwani. Sambaza kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo huku, kidogo kule. Kinachobaki baada ya dakika mbili hivi kitoe.

Friza liwe nyuzi 18 chini ya sifuri, na pakiti iwekwe ndani ya chombo chenye mfuniko, mbali na chakula cha watu. Iandike tarehe uliyoifungua. Mimi sinunui zaidi ya ninachoweza kumaliza kwa miezi mitatu, na umeme ukikatika kwa saa nyingi hadi vipande vikayeyuka, natupa.