TAHADHARI: Redio za "chomeka uwashe" kwa Toyota za zamani

Wenye Corolla, Premio, Allion, Noah na nyinginezo za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuweni macho. Kuna wauzaji mitandaoni wanaotangaza redio za muundo wa kiwanda kwa bei ya chini na ahadi moja: hukati waya hata mmoja, unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, unawasha. Ukishatuma pesa, mzigo unakufikia na kasoro ambazo muuzaji alizijua tangu mwanzo.

Inayoumiza wengi ni redio iliyojifunga. Redio nyingi za Toyota zinazotoka Japani zikiwa na ramani hutumia kadi ya SD. Umeme ukikatika, yaani betri ikitolewa au redio ikichomolewa, ukiiwasha tena inadai kadi yake, au namba ya siri, kwa maandishi ya Kijapani. Bila hivyo haiimbi. Picha uliyotumiwa ilipigwa redio ikiwa bado kwenye gari ilikotolewa. Ukilalamika, unaelekezwa kwa "mtu wa kufungua" naye anataka hela yake. Kabla ya kulipa, dai video moja isiyokatwa katikati: redio inaimba, waya wake wa umeme wa kudumu unachomolewa, wanasubiri dakika tano, unarudishwa, redio inaimba tena. Mwenye redio nzima hana sababu ya kukataa. Akianza visingizio, achana naye.

Redio hizohizo za Japani hushika FM kuanzia 76 hadi 90, za karibuni hadi 95. Stesheni zetu zinafika 108, kwa hiyo nyingi hutazipata. Kuna kifaa kidogo kinachokaa kati ya antena na redio kushusha masafa, na kinasaidia, ila namba kwenye kioo hazitalingana na za stesheni, na stesheni nyingine huingiliana. Muuzaji anayekuonyesha redio ikipiga nyimbo za Bluetooth tu anakuficha hili. Mwambie ashike stesheni ya juu ya 100 ukiona.

Sasa waya, maana hapa ndipo gari linapoharibika. Toyota hizi zina soketi mbili nyuma ya redio, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Redio nyingi za Android, yaani za kioo cha kugusa zenye mfumo kama wa simu, zinatumia rangi nyingine kabisa: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa ufunguo (ACC), nyeusi ni hasi. Kwenye Toyota, kwa kawaida umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, ACC ni kijivu, hasi ni kahawia, na kijani ni ya taa za dashibodi. Nyekundu, nyeupe, nyeusi na njano za gari ni waya za spika za nyuma! Muuzaji akikuletea redio bila kebo ya kubadilishia soketi, fundi asiyejua anakata soketi za gari na kuunga rangi kwa rangi. Redio haiwaki. Anaanza kubahatisha, waya hasi wa spika unagusa bodi ya gari, na amplifaya ya ndani ya redio inaungua. Hapo muuzaji anasema umeiunguza mwenyewe, na soketi za gari ndiyo zimekwisha kukatwa.

Kebo ya pini 10 na 6 ni ya bei ndogo. Iwe ndani ya boksi au usinunue. Hata ukiwa nayo, pima upande wa gari kwanza, kwani rangi hutofautiana kati ya matoleo. Waya wa kudumu usome volti 12 hata ufunguo ukiwa umetolewa, wa ACC usome 12 ufunguo ukiwashwa tu, na kila jozi ya spika isome takriban omu 4 bila upande wowote kugusana na bodi.

Ujanja mwingine wa kukataa ni kuunga nyekundu na njano za redio pamoja kwenye umeme wa kudumu ili redio "iwake haraka". Itawaka, na betri itakufa ukiliacha gari siku chache. Ukishafunga, zima gari, funga milango, subiri kama nusu saa, kisha pima umeme unaotoka kwenye betri. Ukizidi miliampea 50, kuna kitu kinanyonya.

Za Android zina uongo wake. Kioo kinaandika RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na Android 13, kumbe ndani ni GB 1 au 2 na toleo la zamani. Ukurasa wa mipangilio umechezewa. Weka programu ya CPU-Z au AIDA64 uone yaliyomo kweli. Na "wati 60 mara 4" zitazame na fyuzi yake: wati 240 kwa volti 14.4 zinahitaji zaidi ya ampea 16, na redio imewekewa fyuzi ya 10 au 15. Fundi akitaka kuiongeza fyuzi, mkatalie. Waya ndio utakaoungua.

Fremu nayo ipime. Nafasi ya redio kwenye Toyota nyingi ni milimita 200 kwa upana, redio ya kawaida ni 178, hivyo bila fremu sahihi unabaki na uwazi wa milimita 11 kila upande. Usikubali kuzibiwa kwa gundi. Skrubu za pembeni ziwe fupi, ndefu hutoboa saketi.

Kwa aliyeko mkoani: usitume pesa yote kabla. Mtume ndugu au fundi wa umeme wa gari akaipime redio dukani kwa betri, na risiti iandike modeli, namba ya redio, na kwamba imejaribiwa baada ya kukatiwa umeme.