Kiswaswadu cha 35,000: miezi saba mkononi mwangu

Nilikinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, Jumamosi moja ya Aprili 2025, shilingi 35,000 pamoja na chaja. Muuzaji alifungua boksi, akapachika betri, akawasha tochi na kunimulika kiganjani. "Unampelekea mama kijijini, bosi wangu?" Nikamwambia ni cha kwangu. Simu janja yangu nilikuwa nimeiuza muda si mrefu, meza ya tatu kutoka pale, kwa 210,000.

Kampuni iliyokitengeneza siitaji. Viswaswadu vya bei hii havipishani sana, na ninayotaka kusema yanahusu aina nzima: laini mbili, tochi, redio, vitufe vya mpira, intaneti hakuna. Mimi ni fundi umeme wa magari, umri wa miaka 38, Mlutheri wa kuzaliwa. Naandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi mwezi wa tatu.

Mwezi wa tatu nilikuwa nacheza kindege, mchezo wa kubeti wa kwenye simu. Wanaobeti wanakijua. Saa nane usiku, kitandani, mwanga wa simu nimeupunguza hadi mwisho, mke wangu amenipa mgongo. Kindege kinapaa na namba inapanda, 1.20, 1.85, 2.40, na unatakiwa kutoa hela kabla hakijatoweka. Raundi haimalizi hata dakika. Mkeka wa mpira una subira yake: ukibeti unangoja mechi iishe, na katikati unaweza kulala au kujuta. Kindege hakikupi nafasi ya kujuta. Usiku mmoja kikanimalizia 180,000, na hela hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya mteja, aliniachia nimnunulie altaneta.

Kuziba pengo nikakopa kwenye programu ya simu. Niliomba 100,000, ikaingia 70,000, na siku ya saba wakataka zaidi ya laki. Benki Kuu ilishatangaza Novemba 2024 majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Mimi tangazo lile nilikuja kulisoma baada ya kukopa. Nilipochelewa, ujumbe ukatumwa kwa watu waliomo kwenye simu yangu: jina langu, picha yangu, na maneno "mdaiwa sugu". Dada yangu aliupata. Wateja wakaupata. Mzee wetu wa kanisa naye akaupata.

Alikuja gereji kwa miguu, Jumatano, jua la saa nane. Hakusema neno mbele ya watu. Aliniomba nimsindikize kituoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeletewa ujumbe unaokutaja." Tukatembea kidogo. Nilikuwa najiandaa kukemewa, lakini swali lake lilikuwa moja tu: "Hili jambo linaingilia wapi?"

Nikatoa simu mfukoni nikamwonyesha. Akaiangalia bila kuishika, akanikumbusha Mathayo 5: "Jicho lako la kuume likikukosesha, ling'oe ulitupe mbali nawe." Kisha akasema, "Wewe lako unalichaji kila usiku." Akapanda daladala. Jumamosi ile ndiyo niliyokwenda Aggrey.

Sasa nikieleze chenyewe. Chaji yake ni neema kwa fundi. Nikichaji Jumapili jioni inanifikisha Alhamisi, na napigiwa kutwa nzima. Sauti iko wazi hata jenereta ya jirani ikiunguruma. Tochi yake naitegemea kazini kuliko nilivyotarajia: naibana kwa meno, naingia chini ya dashibodi, naona kila fyuzi. Redio inataka upachike waya wa masikioni, maana waya ndio antena, ila ukishapachika inashika vizuri. Upendo FM, 107.7, ndiyo inayoshinda nami sasa. Zamani masikio yangu yalishinda na uchambuzi wa odds.

Hasara zipo, na mwenye kutaka kununua azijue kabla. Picha za spea haziji. Mteja alikuwa ananipigia picha ya taa iliyovunjika naifuata dukani, siku hizi anatuma kwa kijana ninayemfundisha kazi. Wateja wawili wamenikimbia kwa sababu hiyo, na mmoja alikuwa na magari matatu. Matangazo ya jumuiya yako WhatsApp, hivyo katibu wetu inambidi aniandikie meseji peke yangu kila Ijumaa. Sijamsikia akilalamika. Nafasi ya meseji ni ndogo, na kwenye namba yangu ya zamani ilijazwa na makampuni ya kubeti yaliyokuwa yakinitangazia zawadi kila asubuhi. Kile kiswaswadu kilipiga mlio wa meseji kama zamani, na moyo wangu ukaruka kama zamani. Mwishowe nikasajili laini nyingine kwa alama ya kidole, ya zamani ikabaki ya pesa tu, nikiiwasha ninapolipwa.

Dosari kubwa iko hapa, wala duka halitakuambia. Kindege hakiwezi kupaa kwenye kiswaswadu, lakini mkeka unawezekana. Nyota, tarakimu, reli, menyu inafunguka, unalipa. Tarehe 31 Mei, usiku wa fainali ya Ulaya kule Munich, niliiwasha laini ya zamani nikaweka 5,000 kwa Inter. Nilijiambia ni fainali, ni mara moja. PSG wakashinda 5-0. Nilipoikosa ile elfu tano sikuumia. Kilichoniumiza ni vidole vyangu kukumbuka ile menyu bila kusoma, moja, nne, namba ya kampuni, gizani.

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili. Kabla ya ibada nikamwambia mke wangu. Alikuwa anamfunga mtoto viatu, hakuinua kichwa. Akasema, "Ilete hiyo laini." Tangu siku ile laini ya pesa inakaa kwenye simu yake. Wateja wanalipa huko, naye ananipa ya spea kwa risiti. Ukinunua kiswaswadu ukabaki na menyu ya pesa mfukoni, umefunga dirisha mlango ukiwa wazi.

Usingizi ndio uliokuwa mgumu zaidi. Kwa wiki kama sita niliendelea kuamka saa nane kamili, mkono unapapasa chini ya mto. Kule chini kulikuwa na kiswaswadu, na kiswaswadu hakina cha kukupa saa hizo. Nikawa nainuka, naketi sebuleni, nawasha ile tochi na kuielekeza kwenye Biblia. Nilianza Zaburi kwa sababu ziko katikati, kitabu kinafunguka chenyewe hapo. Zaburi ya kwanza, mstari wa kwanza, nilikuwa nimeukariri tangu kipaimara, lakini ule usiku niliusoma polepole: asiyekwenda katika shauri la wasio haki, wala hakusimama katika njia ya wakosaji, "wala hakuketi barazani pa wenye mizaha." Kwenda, kusimama, kuketi. Nikaiona njia yangu yote. Kwanza nilikuwa napita kijiweni kwa wanaobeti nikielekea dukani. Halafu nikawa nasimama dakika tano kusikia nani kala. Halafu nikapata nafasi yangu kwenye lile benchi, ubao uliolazwa juu ya rimu mbili, na nafasi ile ikaitwa ya kwangu.

Nikaomba kwa sauti ya chini nisiwaamshe watoto. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema, Bwana Yesu, mkono huu uushike wewe, mimi umenishinda. Nimeomba hivyo usiku mwingi, na naamini nimejibiwa, kwa sababu kiu hiyo ilikuwa na nguvu kuliko mimi na sasa haina. Simu ya 35,000 haiwezi kufanya hivyo. Ilichofanya ni kuuacha mkono wangu mtupu hadi Yeye aushike.

Kuhusu wenzangu wa kijiweni nataka nieleweke. Si watu wabaya. Mama yangu alipolazwa Muhimbili, wao ndio waliochanga 120,000 kabla hata ndugu hawajapanga kikao. Nawasalimia kila asubuhi, nimewatengenezea pikipiki zao bila kuwatoza, na mmoja wao tumezikiana. Ila kuketi siketi. Kundi la mikeka lilikuwa na watu 43, nililiaga kwa maneno mawili kabla ya kuiuza simu, na kwa siku kadhaa walinipita wakinitania kwamba nimekuwa mchungaji. Niliumia. Mtume Paulo aliposema mazungumzo mabaya huharibu tabia njema alikuwa anawaandikia Wakorintho, watu waliokuwa wakiketi na watu wanaowapenda, na huko ndiko kuliko na ugumu wake.

Deni la altaneta nililimaliza Agosti. Mteja alirudi na gari lile lile, taa za breki, akaniachia hela ya spea. Nikamwomba ampe mke wangu.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ukienda Aggrey, jaribu vitufe vyote kabla ya kulipa, usitosheke na tochi. Changu mwezi uliopita kitufe cha reli kilianza kugoma. Unakibonyeza mpaka ukucha unauma, hakiitiki. Jirani yetu anayetengeneza simu alikiangalia akasema ni raba tu, 3,000, dakika kumi. Nikamwambia aache. Muda wa maongezi ananirushia mke wangu, na namba za watu ninaowapigia hazina reli.