Tatizo halikuwa mikono yangu

Nimeyaandika haya mara mbili nikafuta, kwa sababu kila nikifika kwa yule kijana wa kaunta damu inanichemka. Leo nayaacha yalivyo.

Napiga gitaa la umeme. Naishi Tudor, Mombasa, fleti ya ghorofa ya tatu, na chini yangu kuna mama mwenye mtoto mchanga. Amplifaya niliizima siku alipopanda ngazi akanibishia hodi na kuniambia kwa upole kabisa, "Kaka, mtoto ndiyo kwanza kalala." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tangu hapo nikawa natafuta njia ya kurekodi usiku, baada ya Isha, bila jirani kusikia chochote.

Mwezi uliopita hivi, au kabla yake kidogo, nikanunua intafesi duka moja la mjini. Unachomeka gitaa upande mmoja, laptopu upande wa pili, unavaa hedifoni, kwisha. Kijana akaniuliza kama nina ekstensheni. Sina. Akaniongezea moja kwa shilingi mia tano.

Nikafika nyumbani, nikaunganisha, na kabla sijagusa uzi hedifoni zikajaa mvumo. Vinasa sauti vya gitaa langu ni vya koili moja moja, na magitaa hayo huvuma kidogo popote, hilo silalamikii. Huu ulikuwa mwingine. Nikishika nyuzi unapungua, nikiziachia unarudi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake mara nyingi husikika zaidi kwenye 100. Sasa G ya freti ya tatu, uzi mnene, ni 98. Yaani mvumo umekaa juu ya G yangu kidogo tu, na mimi muziki wa bango naupigia G! Kila nikigonga ile besi, sauti mbili zinasukumana kama watu wawili kwenye mlango mmoja. Siku nne sikurekodi hata kipande kimoja.

Nikairudisha dukani. "Ndugu yangu, hii inavuma." Macho yake hayakutoka kwenye simu. "Haivumi." Nikamwomba aijaribu tu, gitaa ninalo hapa mgongoni. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Mzee, mashine ni nzima. Tatizo ni mikono yako. Hii ni ya wanaojua." Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Kisha akaweka kidole kwenye risiti, pale palipoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, akakiacha kidole pale mpaka nilipoondoka.

Nimeshika gitaa zaidi ya miaka ishirini. Nimepiga kwenye harusi kuanzia Likoni mpaka Malindi. Hakuuliza. Hakutaka kujua lolote, hata dakika mbili za kuchomeka waya hakunipa. Usiku ule ningeandika tathmini hii ningewaambia msinunue kitu hicho hata mkipewa bure.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu anayepiga kwenye bendi ya hoteli, Bamburi. Nikamsikilizisha mvumo kwa simu. Akasema, "Chomoa chaja ya laptopu, itumie kwa betri." Nikachomoa. Kimya. Kimya mpaka nikasikia pumzi yangu mwenyewe ndani ya hedifoni.

Basi nakiri, ingawa inaniuma: mashine ilikuwa nzima kama alivyosema. Na haki ya intafesi lazima niitoe, maana ni nzuri sana. Kitufe cha gitaa lazima ukibonyeze, usipokibonyeza sauti inafifia kama imefunikwa blanketi. Kwenye laptopu natumia Neural Amp Modeler, ambayo ni ya bure, na baada yake naweka faili ya sauti ya spika. Msiiruke hiyo faili. Amplifaya ya kompyuta bila spika ni nyuki ndani ya debe, ukiiweka tu gitaa linapata kifua. Bafa, yaani kile kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukitoa, nimeiweka sampuli 128, na kidole na sauti vinakwenda pamoja. Lakini kilichonifurahisha kuliko vyote ni feni. Zamani nikirekodi kwa maikrofoni nafunga madirisha, nazima feni, natoka jasho mpaka nyuzi zinashika kutu. Sasa feni inazunguka, madirisha wazi, tuktuk zinapita, paka wanapigana, na kwenye rekodi hakuna hata kimoja. Juzi mama wa chini aliniuliza ngazini mbona siku hizi sipigi gitaa. Usiku uliotangulia nilipiga mpaka saa saba.

Nilikuwa niishie hapo na kuipa nyota tano pamoja na duka lake, nimsamehe kijana.

Lakini kwa nini ivume kwa chaja? Nikamwita fundi wa stima. Akapima soketi ya ukutani, ethi ipo, yaani ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Akaishika ile ekstensheni ya mia tano, akafungua skrubu. Nje ina matundu matatu kama kawaida. Ndani nyaya ni mbili tu, wa kahawia na wa bluu. Wa kijani na njano haupo kabisa, na kile kipande cha shaba cha ethi kimekaa peke yake hakijafungwa na chochote. Fundi akanitazama. "Na wewe unashika nyuzi za chuma, mikono ina jasho?"

Sasa sizungumzii mvumo tena. Mtu ameniuzia kwa mkono wake kitu kisicho na ethi, nikarudi kwake, akaniambia kosa ni mikono yangu.

Nimenunua ekstensheni nyingine ya nyaya tatu. Chaja naichomeka, mvumo umekwisha. Intafesi nunueni, nyota tano. Duka lile, hata nyota moja halipati. Ekstensheni iko kwenye mfuko karibu na mlango, imefunguliwa vilevile, skrubu nimezifunga kwenye karatasi. Jumamosi naipeleka, naiweka juu ya kaunta mbele ya foleni, naomba mia tano yangu.